Somo la 17: Mtoto ni wa Nani? Wazazi, Serikali na Shule



Wapenzi Wakristu, katika masomo yaliyotangulia tulieleza amri ya nne ya Mungu: Uheshimu baba na mama. Tulisema juu ya wajibu wa watoto. Leo tunaigeuza amri hiyo upande wake wa pili, maana yeye anayepaswa kuheshimiwa anapaswa pia kustahili heshima. Kati ya wajibu wa wazazi, ulio mkubwa baada ya kumlisha mtoto ndio kumfundisha.

Lakini hapa pana swali linalowasumbua watu wengi vijijini. Mtoto anapoingia shuleni, ni nani mwenye neno la mwisho juu yake? Wengine husema: «Shule ni ya Leta, basi mtoto naye ni wa Leta.» Wengine husema: «Mtoto ni wangu, nitamfanya nipendavyo, nikitaka asisome, hatasoma.» Maneno yote mawili si sawa. Ili tuone sababu, tufuate njia ya historia, kwanza ya Biblia, kisha ya nchi yetu na ya nchi nyingine.

1. Mama wa Musa

Mnajua habari ya Musa. Farao aliamuru watoto wanaume wa Waebrania watupwe mtoni. Mama yake Musa akamficha miezi mitatu, kisha akamlaza katika kikapu kati ya manyasi. Binti Farao akamwokota, na dada yake mtoto, aliyekuwa akitazama kwa mbali, akajitolea kumtafutia mlezi. Akamwita nani? Akamwita mama mzazi. Basi mama yule akamnyonyesha mtoto wake mwenyewe, tena akapewa mshahara kwa kazi hiyo.

Baadaye Musa aliingia nyumba ya mfalme. Mtakatifu Stefano anatuambia katika Matendo ya Mitume kwamba alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Hiyo ndiyo shule ya serikali ya wakati ule, nayo haikumdhuru. Ilimpa elimu iliyomfaa siku za mbele. Lakini alipokuwa mtu mzima alitoka akawaendea watumwa, akajua kwamba hao ndio ndugu zake. Ni nani aliyemfundisha hayo? Si walimu wa Farao. Sisi tunafikiri ni mapaja ya mama.

Mshike mfano huo, maana tutaurudia mwishoni.

2. Watoto walioitwa yatima

Sasa tuje katika nchi yetu. Toka mwaka 1885 hata mwaka 1908 Kongo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, naye hakuwahi kukanyaga udongo wake. Tarehe 12 Julai 1890 ilitoka amri iliyoipa Serikali ulezi wa watoto waliokombolewa utumwani, wa watoto walioachwa, na wa yatima. Wakakusanywa katika makambi ya watoto, kama vile Boma na Nouvelle-Anvers, wapate kuwa askari na wafanya kazi. Mwaka 1892 ruhusa ya kuwalea watoto wa namna hiyo ikapewa na wamisionari.

Wako watoto waliookolewa kweli kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, nasi hatulikani jambo hilo. Lakini fikirini neno lenyewe, «yatima». Kwa desturi za Wazungu, mtoto aliyefiwa na baba na mama ni yatima. Kwetu je? Mtoto mwenye baba mdogo, mwenye mjomba, mwenye shangazi na nyanya, hawezi kuitwa hana mtu. Sheria haikuwauliza wajomba. Ilihesabu wazazi wawili tu, na ilipowakosa ikasema: Mtoto huyu ni wangu.

Mwaka 1904 mfalme alilazimishwa na kelele za ulimwengu kutuma tume ya uchunguzi, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 1905. Pamoja na mambo ya mpira na ya mateso, tume ilitazama pia mashamba yenye vikanisa ambayo wamisionari waliyaanzisha katika nchi ya Kwango, ikaeleza kwamba wengi wa watoto waliokaa humo hawakuwa yatima kweli. Wamisionari walijitetea, na mashindano yakawa makali.

Wapenzi, hatusemi haya ili kuwatukana waliotuletea Injili. Sisi makatekista ni matunda ya kazi yao. Lakini anayehesabu makosa ya jirani na kuficha ya nyumbani mwake hahesabu vizuri. Tena fundisho lenyewe lilikuwapo zamani katika vitabu vya Eklezya. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba haifai kuwabatiza watoto wa Wayahudi pasipo mapenzi ya wazazi wao, kwa sababu mtoto asiyepata bado akili kamili amewekwa na maumbile chini ya ulinzi wa wazazi, kama alivyokuwa tumboni mwa mama. Ikiwa hata ubatizo, ulio mlango wa wokovu, haumnyang'anyi mzazi mtoto wake, je, ni kitu gani kingine kitakachomnyang'anya?

3. Masista walioishtaki nchi

Tuvuke bahari kidogo. Katika Marekani liko jimbo liitwalo Oregon. Mwezi wa Novemba 1922 watu wa jimbo hilo walipiga kura wakapitisha sheria kwamba kila mtoto wa miaka 8 hata 16 aende katika shule ya serikali, si katika nyingine, na kwamba sheria ianze kushika mwezi wa Septemba 1926. Kwa maneno mengine, shule za mapadri na za masista zingekufa zenyewe. Waliosukuma sheria hiyo kwa nguvu walikuwamo watu wa Ku Klux Klan, chama kilichowachukia watu weusi, Wayahudi na Wakatoliki. Walisema kwamba wanataka watoto wote wawe raia wa namna moja.

Masista wa Majina Matakatifu ya Yezu na Maria walikuwa na shule huko. Hawakushika silaha, wala hawakukaa kulia. Walikwenda mahakamani, pamoja na shule nyingine moja isiyokuwa ya dini, iliyofundisha vijana mambo ya kiaskari. Kesi ikapanda hata Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 1 Juni 1925 waamuzi wote kwa kauli moja walitangua sheria ile. Walieleza kwamba mtoto si kiumbe cha serikali tu. Wale wanaomlea na kumwongoza wana haki, tena wana wajibu mkubwa, wa kumtayarisha kwa maisha yake. Lakini walikubali pia kwamba serikali inaweza kuzikagua shule, kuwachungua walimu, na kudai kwamba mtoto asome mambo yaliyo ya lazima kwa raia mwema.

Papa Pio wa 11 alipoandika barua yake juu ya malezi ya Kikristu, tarehe 31 Desemba 1929, alitaja hukumu hiyo. Humo alifundisha kwamba haki ya wazazi hutoka kwa Mungu kwa njia ya maumbile, nayo ni ya kwanza mbele ya haki ya serikali. Serikali haikumzaa mtoto. Kazi yake ni kuwalinda wazazi, kuwasaidia, na kushika mahali pao panapokuwa patupu. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulirudia fundisho hilo tarehe 28 Oktoba 1965, ukawaita wazazi walimu wa kwanza wa watoto wao.

4. Vita vya shule

Ubelgiji wenyewe uligombana mara mbili juu ya shule. Mara ya kwanza ilikuwa toka mwaka 1879 hata 1884, na mara ya pili toka mwaka 1950 hata 1958. Mara ya pili ugomvi ulivuka bahari hata kwetu.

Toka miaka ya 1920 Serikali ya Kibelgiji ilitoa fedha kwa shule za misioni Katoliki za Kongo, nazo zikashika karibu kazi yote ya kufundisha Waafrika. Shule za Waprotestanti zilianza kupata msaada huo mwaka 1948 tu. Mwaka 1954 Auguste Buisseret akawa waziri wa makoloni. Yeye alifungua shule za serikali zisizo za dini kwa ajili ya watoto wa Kiafrika, akataka kupunguza fedha za misioni. Wakubwa wa misioni walilalamika sana, na mwaka 1956 pande mbili zikapatana. Huko Ubelgiji ugomvi ulikwisha kwa Mapatano ya Shule ya mwaka 1958.

Wengi walidhani kwamba Wakristu wote wa Kongo wangezikataa shule mpya. Haikuwa hivyo. Wazazi wengi wa mijini walizifurahia, maana walitaka watoto wao wapate Kifaransa na elimu ya juu sawa na watoto wa Wazungu. Je, walikosa imani? Hapana. Walikuwa wazazi, wakawatafutia watoto wao mema.

Lakini angalieni jambo moja. Huko Ubelgiji wazazi walitoka maelfu kwa maelfu barabarani mwaka 1955, wakapiga kura, wakasikilizwa. Mzazi Mkongo hakuwa na kura hata ya kumchagua mkubwa wa mtaa wake. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika mwaka 1957, katika miji mitatu tu. Wote wawili, waziri na misioni, walisema: «Tunatetea haki ya wazazi.» Mzazi mwenyewe alikuwa nje ya mlango, akisikiliza jina lake likitajwa ndani.

5. Kuanzia mwaka 1972 hata 1977

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Wengine walifikiri kwamba sasa mzazi ataingia ndani. Lakini utawala wa Mobutu ulijenga chama kimoja, nacho kilitaka kushika kila kitu, hata roho ya mtoto. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa katika vitabu vya serikali. Kardinali Malula wa Kinshasa alisema neno, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Kumbukeni kitabu cha Danieli: mfalme wa Babeli aliwachukua vijana wa Yuda, akawafundisha maandiko ya Wakaldayo, akawabadili majina. Si kwamba majina ya mababu ni mabaya. Ni mazuri, nasi tunayapenda. Ubaya ulikuwa huu, kwamba mtu mwingine alimwita mtoto mahali pa baba yake.

Tarehe 30 Desemba 1974 Serikali ilichukua shule zote za misioni. Somo la dini likaondolewa, na mahali pake pakawekwa mafundisho ya chama na ya mkubwa wake. Misalaba ikaondolewa madarasani.

Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo wakubwa hawakulitazamia. Dini ilipotoka shuleni, ilirudi mahali ilipozaliwa, yaani nyumbani. Wazazi na makatekista waliwakusanya watoto jioni, chini ya mwembe au kando ya moto, wakawafundisha sala na amri za Mungu. Mashirika ya Wakristu, ambayo maaskofu walikuwa wameyaanzisha, yakapata kazi yake. Baba yetu mzazi, naye alikuwa katekista, alituambia mara nyingi: «Walipochukua shule, tulitambua kwamba tulikuwa tumewaachia mapadri kazi yetu sisi.»

Serikali nayo haikuweza kuubeba mzigo iliouchukua. Bei ya shaba ilianguka, fedha zilipotea njiani, walimu walikosa mshahara, majengo yaliharibika. Mwaka 1976 Serikali ikawaomba wenye dini wazirudie shule. Tarehe 26 Februari 1977 mapatano yaliandikwa kati ya Serikali, Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu nao waliingia baadaye. Ndiyo asili ya shule ambazo watu huziita konvansione. Serikali hutoa programu, hulipa walimu, hukagua. Eklezya huongoza shule na kuwachagua viongozi wake. Somo la dini likarudi.

6. Haki ina mipaka

Sasa yuko atakayesema: «Vema, basi mtoto ni wangu mimi peke yangu.» Ndugu, ngoja kidogo.

Katika Marekani wako Wakristu waitwao Waamish, watu wa mashamba wasiopenda anasa za dunia. Watoto wao husoma miaka minane, kisha hujifunza kazi nyumbani. Katika jimbo la Wisconsin baba watatu walitozwa faini ya dola 5 kila mmoja, kwa sababu hawakuwapeleka watoto shule ya juu. Mwaka 1972 Mahakama Kuu iliwapa haki, ikiona kwamba watoto wale hawakukaa bure, bali walifundishwa kweli kwa namna nyingine. Huko Marekani leo mzazi anaweza hata kumfundisha mtoto nyumbani toka mwanzo, kwa masharti ya jimbo lake. Ujerumani hukataa jambo hilo. Wazazi Wakristu waliotaka kuwafundisha watoto nyumbani kwa ajili ya imani walipeleka shauri lao mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, wakashindwa mwaka 2006. Waliambiwa kwamba watoto hupaswa kukutana na wenzao wa namna zote, na kwamba wazazi wanabaki huru kuwafundisha imani saa za jioni na siku za mapumziko.

Mnaona, mataifa hayapatani juu ya mpaka wenyewe. Lakini pande zote mbili zinaungana katika neno moja: haki ya mzazi ni haki ya kufundisha. Si haki ya kumwacha mtoto gizani. Anayemzuia binti yake asisome ili apate mahari mapema, anayemtuma mwana wake wa miaka kumi kuchimba mawe katika machimbo, huyo asitaje haki ya wazazi. Amekwisha kuitupa mwenyewe. Hapo Serikali ikimwambia: «Mpeleke mtoto shuleni,» inafanya kazi iliyopewa na Mungu.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inafuata njia hiyo ya katikati. Kifungu cha 40 kinasema kwamba kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi, wakisaidiwa na Serikali na kuangaliwa nayo. Kifungu cha 43 kinawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya malezi, na kinasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, tena ni bure katika shule za serikali.

7. Neno kwa siku zetu

Sisi tunaoandika somo hili tulisoma shule ya msingi ya misioni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ilikuwa haiwalipi tena walimu kwa kadiri inayowafaa, na wazazi wakakubali kuchanga fedha za mwalimu. Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mabaya. Tulirudishwa nyumbani pamoja na wenzetu, tukiwa na vikaratasi vya deni mkononi. Tulilia njia nzima. Baba hakusema neno juu ya direkta. Alichukua kaa la moto lililozimika, akaandika hesabu juu ya ubao wa mlango, akasema: «Njoo hapa. Shule haijafungwa.» Kila jioni, kwa muda wa miezi mitatu, tulisoma katika katekisimu yake ya zamani, kwa sababu hatukuwa na kitabu kingine. Tuliporudi darasani, baada ya kuuzwa mbuzi, hatukuwa wa mwisho.

Toka Septemba 2019 Serikali iliazimia kwamba elimu ya msingi iwe bure kweli, na watoto wengi waliokaa nyumbani waliingia shuleni. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Madarasa mengi yalijaa kupita kiasi, lakini heri darasa lililojaa kuliko mtoto asiyejua kusoma. Walakini tumesikia neno jipya vijijini: «Sasa Leta analipa, sisi tumepumzika.» Baba haulizi tena mtoto amejifunza nini. Katika mkutano wa wazazi viti ni vitupu. Zamani mzazi alisimama nje ya mlango kwa sababu alizuiwa. Leo mlango u wazi, naye hataki kuingia.

Leta akimlipa mwalimu, hajamnunua mtoto. Kazi aliyoifanya mama wa Musa haina waziri, haina mkaguzi, wala hakuna amri ya mfalme inayoweza kuiondoa, isipokuwa mzazi mwenyewe aiache. Mpelekeni mtoto shuleni apate hekima ya Wamisri. Lakini jioni mwiteni karibu na moto, mwambieni ndugu zake ni nani, na Mungu wake ni nani.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Mtoto ni wa nani?
Jibu: Mtoto ni wa Mungu, Mungu amemkabidhi kwanza kwa wazazi wake.

Swali: Serikali ina haki gani juu ya shule?
Jibu: Ina haki na wajibu wa kusaidia, kukagua, na kudai kwamba kila mtoto asome, haina haki ya kushika mahali pa wazazi wanaotimiza wajibu wao.

Swali: Na Eklezya je?
Jibu: Eklezya hufundisha imani na kuwasaidia wazazi, nayo haimchukui mtoto pasipo mapenzi yao.

Swali: Mzazi anaweza kukataa mtoto asifundishwe?
Jibu: Hapana. Haki yake ni ya kufundisha; hakuna haki ya kuacha kufundisha.

Kusudi la juma hili: Kila jioni tutamwuliza mtoto wetu jambo moja alilojifunza shuleni, nasi tutamfundisha jambo moja la imani. Na siku ya mkutano wa wazazi, baba au mama atakwenda.

Tusali: Ee Yezu, uliyekaa Nazareti ukiwatii Maria na Yosefu, uwape wazazi wetu hekima, na wakuu wa nchi haki, watoto wetu wakue kama wewe katika akili na neema. Amina.